Nilitaka gari ya kunguruma, mke akanikatalia: yaliyotukuta na tembo njia ya Bwera

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi nawasalimu kutoka Kasese, joto kama kawaida yake.

Hii ninayoandika ina mashahidi, na mmoja wao ni mama mkwe wangu. Mtu haongezi chumvi kwenye habari ambayo mama mkwe alikuwepo. Chumvi tuwaachie ndugu zetu wa Katwe wanaoichimba ziwani.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa kambini. Baba yangu alikuwa askari, alitoka kaskazini akaletwa huku, ndiyo maana Kiswahili changu kina amri amri kidogo, mnisamehe.

Na ndiyo maana napenda gari yenye sauti. Nimekulia kando ya malori ya jeshi. Asubuhi lori likiwashwa, sufuria zinacheza jikoni, na sisi watoto tunajua siku imeanza.

Kwa hiyo maoni yangu kuhusu magari ya kisasa mnaweza kuyakisia.

Gari ya kuwasha kwa kitufe mimi sikuiheshimu kabisa. Screen kubwa pale mbele utadhani duka la simu. Handbrake nayo imekuwa kitufe, sasa mlimani unashika nini? Taa ya njano ikiwaka, fundi wa kona hana mashine ya kuisoma. Anachomoa waya wa betri, anarudisha, anakwambia "imepona". Bumper ni plastiki tupu. Ukigusana na mbuzi, mbuzi anaenda zake, bumper inabaki barabarani.

Mimi roho yangu ilikuwa kwenye diesel, turbo, 4x4 ya zamani, bomba nene, ukipita mtaani watu watoke nje.

Mke wangu Masika, Mukonzo wa Bwera, akaniuliza swali moja tu.

"Baba Atim, unatafuta gari, ama unatafuta watu wa kukuangalia?"

Akakataa katakata. Tukachukua hybrid ndogo ya Kijapani. Jina silitaji, moderator asije akasema natangaza biashara.

Hiyo gari ukiiwasha haisemi kitu. Screen inaandika READY, basi, umemaliza. Anayeongea ni mwanamke mmoja wa Kijapani ndani ya redio. Ananisalimu kila asubuhi na mpaka leo sijui ananiambia nini.

Vijana wa boda pale stage walinichosha. "Afande, leo umelala na chaja?" Kila siku hivyo. Nikawa nacheka nao, lakini ndani naumia. Nikifika nyumbani nanung'unika, Masika ananiambia chakula kiko mezani.

Sasa ikafika Masika ana mimba kubwa ya mtoto wetu wa pili. Mama yake akakubali kuja Kasese kukaa nasi mpaka ajifungue. Tukaenda Bwera kumchukua, sisi wawili na Atim wetu wa miaka minne.

Hapa niwaeleze kitu. Kwetu, na kwa watu wa mke wangu pia, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hatushikani mikono. Hatutazamani usoni. Maneno yanapitia kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mama akakaa kiti cha nyuma, mgongoni kwangu kabisa, ili hata kwenye kioo nisimwone. Akitaka kunisemesha anasema, "Masika, ambia mukwe apunguze mbio." Namsikia vizuri sana, lakini nangoja Masika anifikishie, ndipo napunguza.

Na alikuja na jogoo wa zawadi, mwekundu, mkubwa. Nikapendekeza jogoo akae kwenye buti, maana wakuu mnajua mtu na seat cover zake. Jibu likapitia kwa Masika: "Jogoo iko mugeni, haikae na mizigo." Basi mgeni akapakatwa.

Tukaondoka Bwera jua bado liko juu. Tukasafiri vizuri mpaka zile sehemu za kabla ya Kikorongo, ambapo barabara inapita kando ya hifadhi.

Natoka kwenye kona, tembo jike huyu hapa katikati ya lami.

Tembo kwetu si habari. Unasimama mbali, unasubiri, anavuka, unaendelea. Nikasimama. Lakini huyu hakuwa anavuka. Alikuwa ametugeukia sisi, masikio yamefunguka yote.

Masika akasema kwa sauti ndogo sana, "Baba Atim. Kulia kwako."

Nikageuza macho. Kwenye nyasi, karibu na mlango wangu, kulikuwa na mtoto wa tembo. Tulikuwa tumeingia katikati ya mama na mtoto wake.

Wakuu, hapo nilijua tunaweza kufa. Mke mjamzito kando yangu, binti yangu nyuma, mama wa watu nyuma, na gari yenyewe nyepesi, yule mnyama angeikunja kama chapati.

Mkono wangu ukaenda kwenye honi. Ndivyo tulivyofunzwa kambini, mtu akikuzibia njia mpigie kelele. Masika akaudaka ule mkono, akaubana mpaka kucha zikaingia.

"Usithubutu."

Sasa wenye hybrid mnajua, wengine niwaeleze. Gari hii inarudi nyuma kwa mota ya umeme. Lakini injini ya petroli inaweza kujiwasha yenyewe, bila kukuuliza, betri kubwa ikishuka au AC ikidai nguvu. Na betri yetu ilikuwa chini, na AC ilikuwa inapuliza sana kwa ajili ya mjamzito.

Nikazima AC. Masika alikuwa tayari amebonyeza kitufe cha EV, gari ikae kwa umeme tu. Mimi kile kitufe sikuwahi kukigusa, nilidhani ni urembo. Akazima na zile sensa zinazolia pi pi pi ukirudi nyuma. Kumbe mwenzangu alikaa na simu akakitafsiri kile kitabu cha Kijapani ukurasa kwa ukurasa, mimi nikimcheka pembeni.

Nikaweka reverse.

Nyuma, mama alishamfunika jogoo kichwa kwa kitenge, maana kuku akiona giza ananyamaza. Mkono wa pili ulikuwa mdomoni kwa Atim.

Halafu nikasikia sauti yake sikioni kwangu. Hakupitia kwa Masika.

"Rudi nyuma, mutoto yangu. Polepole. Usimuangalie ye, angalia njia."

Miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Nilikuwa naogopa kufa, na bado machozi yalinijia kwa neno hilo.

Nikarudi. Screen inanionyesha lami yote ya nyuma bila mimi kugeuza shingo. Tairi tu ndizo zilisikika, zikikanyaga vumbi.

Tembo akapiga hatua moja kuja. Akasimama. Akapiga nyingine.

Mambo yakageuka kidogo hapo. Yule mtoto, kwa sababu hakusikia kelele yoyote, hakuogopa. Akatoka kwenye nyasi akaanza kutufuata! Anakuja na mkonga wake anainusa boneti kama mtu anayetaka kununua. Na mama yake anakuja nyuma yake. Alama ya betri imebaki kidogo sana. Nikasema moyoni, Mungu wangu, injini hii ikijiwasha sasa hivi tumekwisha.

Nikaendelea kurudi. Sina la kuwaficha, nilikuwa naomba kwa Kiluo cha baba yangu, kwa Kiswahili, kwa lugha zote.

Yule jike akatoa mngurumo mmoja, mzito, wa chini, niliusikia kifuani. Mtoto akageuka mbio akamkimbilia. Mama yake akampapasa kwa mkonga mwili mzima, kama anavyofanya mzazi yeyote mtoto akianguka. Halafu wakavuka wote wawili wakaingia hifadhini. Hata hawakutuangalia tena.

Injini ikajiwasha hapo hapo. Tulipiga kelele watu wazima watatu. Jogoo akawika ndani ya kitenge. Wa kwanza kucheka alikuwa Atim.

Mimi sikuweza tena kuendesha. Masika akazunguka na tumbo lake akashika usukani, akatuleta Kasese taratibu.

Njiani nikasema, bila kugeuka, "Wasingya, mama." Ndiyo asante ya Wakonzo.

Mama akamfunua jogoo kitenge. Kisha: "Masika, ambia mukwe, asante ni ya Mungu."

Tukawa tumerudi kwenye utaratibu wetu.

Wakuu, mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na bibi yake alikaa nasi mpaka akachoka na joto. Jogoo tulimla, msiniulize zaidi. Stage bado wananitania kuhusu chaja na sasa nawajibu kwa raha zangu.

Msije mkanielewa vibaya. Sijasema ukiwa na hybrid basi uende kuwasogelea tembo. Wale mliozoea kukimbia pale Kikorongo, punguzeni, na mkimwona mmoja tafuteni alipo mtoto wake. Sijasema pia kwamba kila kitu cha kisasa ni kizuri. Handbrake ya kitufe bado siipendi na sitaipenda. Ila zamani nilikuwa napima gari nikiwa nje yake, nasikiliza mlango ukifungwa, natazama bomba. Siku hizi naangalia kwanza nani anakaa ndani.

Leteni maoni yenu, na wa diesel msinitukane sana, bado ni ndugu zangu. Ila wenye ndoa nawauliza: mwenzako aliwahi kukukatalia kitu gani ukaja kushukuru? Na je, ulimwambia?

Mimi nilimwambia jioni ile ile, uani, hata mizigo hatujashusha.

"Masika, asante kwa kunikatalia."

Akashika kiuno, akanitazama, akamtazama na mama yake aliyesimama mlangoni.

"Rudia, mama hakusikia."

Nikarudia kwa sauti kubwa.