Supu ya Kuku kwa Siku Moja ya Ofu

Mwenzangu wa zamu, Mthai, alitaka ofu siku ile ile niliyoitaka mimi. Yangu ilikuwa Idi. Yake, sherehe ya hekalu lao. Meneja wa nyumba ya wazee tunakofanya kazi, hapa Croydon, akasema mmoja lazima abaki, tuelewane wenyewe. Idi mbili mfululizo nilikuwa nimeshinda nikiogesha wazee wa watu huku simu za pongezi zikilia mfukoni. Ya tatu sikuwa tayari.

"Nipikie supu yetu ya kuku na nazi," akaniambia wakati wa chai, kwa Kiingereza chetu cha kazini. "Ikiwa supu kweli, siku ichukue wewe. Ikiwa mchuzi wa kwenu, unabaki."

Aliwahi kunisikia nikisema supu yao ni kuku wetu wa nazi aliyesahau bizari. Kumbe aliliweka moyoni.

Nilimfanya ataje masharti mara mbili. Hakuna kitunguu cha kukaanga, hakuna nyanya, hakuna bizari. Kuku, uyoga, mchaichai, majani ya mndimu, ule mzizi wao unaofanana na tangawizi, mchuzi wa samaki, pilipili, ndimu. Nazi ya kopo.

Kwenye kopo ndipo tulipopishana. Mimi ni mtu wa Tanga.

Jumapili alikuja kwangu Thornton Heath, akanikuta nimekalia mbuzi, nakuna nazi.

"Hiki ni kiti au silaha?"

"Inategemea mgeni."

Mume wangu akachungulia sufuria. "Mama watoto, kitunguu kiko wapi? Hii dawa ya kikohozi." Nikamrudisha kwenye mpira wake.

Kuku akaiva katika tui jepesi. Nikatia tui zito, na mkono, kwa mazoea ya samaki wa kwetu, ukakamua ndimu sufuria ikiwa bado inachemka. Tui likakatika mbele ya macho yetu: mafuta huku, mabonge kule.

Mwenzangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akafungua mkoba, akatoa kopo. "Nilikuja nalo, dada. Siku ni yangu, lakini angalau tule."

"Rudisha. Hukusema nipike mara moja tu."

"Sikusema?"

"Umetaja masharti mara mbili. Hukusema."

Chini ya sinki palikuwa na nazi nyingine. Nikihitaji moja hununua mbili, na zote huzitikisa sikioni mpaka mwenye duka achoke. Nikakuna upya, nikatoa mapaja yaliyobaki kwenye friji. Safari hii nilizima jiko kwanza, nikahesabu hadi ishirini, nikahesabu tena, ndipo nikakamua ndimu.

Mgeni alikula akisukuma vipande vya mizizi pembeni mwa bakuli. Mume wangu vyake alivitafuna vyote na hakukiri kitu. Bakuli la pili mwenzangu alijipakulia mwenyewe.

"Ni nzito kuliko yetu," akasema.

"Sikuulizi uzito. Ni supu au si supu?"

Akalamba kijiko. "Ni supu."

"Basi siku ni ya nani?"

"Yako, dada. Ila sherehe yetu inakwenda mpaka jioni. Ukiweza kuja kunipokea zamu mapema…"

"Idi nayo inakwenda mpaka jioni," nikasema, nikampakulia la tatu. Asubuhi iliyofuata niliingia kazini kabla yake, nikajaza ratiba mwenyewe, ofu yangu siku ya Idi, kwa kalamu ya wino.