Kichuguu Nyuma ya Chekechea

Siku hizi nasikia watu wakieleza kwa mbwembwe kwamba mtoto mdogo ajifunzie nje, ashike udongo, achunguze wadudu. Huwa nanyamaza, maana nikianza kusema nitaharibu kikao. Sisi kule Gwarama, karibu na mpaka wa Burundi, miaka ya tisini, tulitoka nje kwa sababu ndani hakukuwa na kitu. Chumba cha chekechea kilikuwa cha udongo, kimeegemea ukuta wa kanisa, na chaki nilikuwa naivunjavunja ili ifike mwisho wa wiki. Watoto wakianza kusinzia, nawatoa.

Mwisho wa kiangazi, kabla tone la kwanza halijaanguka, miyombo ya kwetu hutoa majani machanga mekundu. Ardhi bado ni vumbi tupu, na juu msitu umeshachipua. Nimekua nikiliona jambo hilo wala sikuwahi kulifikiria. Aliyenifikirisha ni mtoto mmoja wa kike, mfupi, meno ya mbele yameng'oka, aliyenivuta kanga akauliza, "Mwalimu, miti imeambiwa na nani kwamba mvua inakuja?"

Nikamwambia sijui. Alifurahi mno, akawatangazia wenzake kwamba mwalimu naye hajui. Basi tukachukua vijiti tukachimba kwenye mizizi kutafuta kama kuna maji yamejificha. Hatukuyapata. Tuliondoka na kucha nyeusi, na jioni nikiwa napika ugali bado nilikuwa naiwaza ile miti.

Mtoto huyu alilelewa na bibi yake. Bibi alivuka kutoka Burundi miaka ya sabini akiwa na kichanga mgongoni, na kichanga hicho ndicho kilichokuja kuwa mama wa huyu mwanafunzi wangu, kisha akafariki. Bibi alilima maharage kama sisi, aliimba kwaya na sisi, mumewe alizikwa kwetu. Kirundi na Kiha chetu ni ndugu, ukimsikiliza akiongea usingejua alikotokea. Nasi tulikuwa tumeshasahau kujiuliza.

Nyuma ya chekechea palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mimi, na kilikuwa cha yule bibi. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, sawa na mbuzi. Mvua ikikaribia, mwenyewe hukifunika kwa matawi na majani ya mgomba, akaacha mdomo mmoja juu ya shimo, kumbikumbi wakitoka wadondokee humo. Ukichota hata kiganja kimoja kwenye kichuguu cha mtu, wewe ni mwizi.

Watoto walikichunguza kile kichuguu kila siku. Walikipima kwa kamba za mgomba, wakaweka sikio, wakabishana kama ndani kuna giza au kuna taa. Yule binti aliuliza kumbikumbi wanajuaje kama kumenyesha, na wao wamefungiwa. Nikaenda kumwomba bibi mwaka huo achelewe kukifunika, ili watoto wawaone wakiruka wenyewe. Nilikuwa naomba kitoweo cha mtu, na nilijua.

"Ego, mwanangu," alinijibu, yaani ndiyo. "Waache waone. Mimi nimeshakula wengi."

Kabla ya mvua ikaja amri. Vita vya ng'ambo vilikuwa vimejaza kambi za wakimbizi, wakubwa wakaamua kila Mrundi anayeishi vijijini apelekwe huko, awe amekuja jana au amezeekea kwetu. Bibi na mjukuu waliitwa ofisini. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: yule mtoto abaki, Januari aingie darasa la kwanza. Karatasi ya uraia hakuna mwenye nayo, hata mimi mwenyewe sikuwa nayo. Nikafikiri usiku mzima, nikaona ushahidi ninao: kichuguu. Kwetu mgeni hapewi kichuguu. Kwa Muha yeyote hilo lingemaliza maneno.

Nikamchukua balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye heshima na aliyempenda yule bibi. Afisa tuliyemkuta ofisini alikuwa mtu wa mbali, hajui kwetu. Nilimweleza habari ya kichuguu, akatabasamu kama anayesikiliza mtoto.

"Haya, mzee," akamwambia balozi. "Hicho kichuguu ni cha huyu mama?"

Balozi akavua kofia. "Ni chake, mkubwa. Kabisa. Tulimpa sisi wenyewe, wanaume wa kijiji tulikaa kikao. Tulisema huyu sasa ni wetu."

"Mlimpa lini?"

"Zamani! Mwaka ule ule alipofika toka Burundi." Alilisema kwa fahari, kifua mbele.

Afisa akaandika. Hakuuliza tena. Mimi niliona neno alilolipigia mstari, Burundi, na balozi bado alikuwa anaendelea kueleza jinsi kikao kilivyokuwa kizuri, pombe iliyonywewa, na kwamba hakuna aliyepinga. Alidhani tumeshinda. Tulipotoka nje alinishika mkono akasema, "Umeona, mwalimu, ameandika yote." Alielewa mwenyewe asubuhi, lori lilipokuja.

Bibi alipanda na jembe, sufuria na Biblia. Mtoto alinipungia mkono kwa nguvu, maana hakuwahi kupanda gari. Balozi alisimama nyuma ya watu, na tangu siku hiyo hadi alipofariki sikumsikia akisema neno kwenye kikao chochote.

Mvua ilinyesha wiki ile ile. Kumbikumbi walitoka mchana, wengi, wakajaa hewani mpaka kanisa likafifia. Niliwatoa watoto waone. Walisimama tu. Nikawauliza, "Haya, mnaona nini?" Mmoja akajibu kwamba mwenyewe hayupo, kwa hiyo hawaruhusiwi kuangalia. Nikawarudisha ndani tukasoma "a, e, i, o, u" mpaka saa ya kwenda nyumbani. Toka hapo sikuwatoa tena, nilichoka. Hasira nilikuwa nayo, nayo haikunisaidia kitu.

Baada ya Krismasi nilipata lifti hadi Kibondo, nikatembea hadi kambini. Ilinichukua muda mrefu kuwapata. Miti yote ilikuwa imekatwa kwa kuni, upepo unapuliza vumbi jekundu kati ya vibanda vya maturubai. Bibi alikuwa amelala, anaumwa kifua. Alinielekeza kwa kidole mahali mjukuu wake alipo.

Nilimkuta kwenye foleni ya maji, na ndoo kubwa kuliko yeye. Alikuwa amekonda. Darasani kwao walikuwa wanafundishwa mikoa ya Burundi, alinitajia yote kwa mpangilio, bila kukosea, akiangalia chini. Nikamuuliza shule ina nini kingine. Akasema hakuna. Nikamwonyesha mdudu aliyekuwa akipanda kwenye ndoo, akampangusa kwa mkono, akasogea mbele kwa sababu foleni ilikuwa imesogea.

Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, umekuja kunichukua?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimekuja kuwasalimu."

"Ego, mwalimu," akasema, akaisukuma ndoo kwa mguu.