Helmeti Nyuma ya Pikipiki

Sirkka Nevakivi wa Sodankylä, kaskazini mwa Ufini, hakuwa mtu wa kubembelezwa, na siku hiyo alikuwa na haraka zake. Asubuhi mapema aliwasha pikipiki ya marehemu mumewe, chuma kizee kinachokohoa kila kikiingizwa gia, akashika njia ya kaskazini kwenda pwani ya Norwe. Binti yake Outi, aliyeolewa huko, alikuwa anahamia Chile na mume na mtoto. Jioni ile meli ingewachukua kwenye gati dogo la kijijini kwao. Mtoto alikuwa ametimiza miaka miwili na Sirkka hajawahi kumpakata. Outi alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeongea na ofisi, kwamba akitaka kumwona aje kabla ya meli, maana meli haimngoji mtu.

Angeweza kwenda jana yake. Lakini kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, na jana mzee Oikarinen aligoma kula mpaka Sirkka aje. Wako watu wa namna hiyo: paa la jirani likivuja wao ndio wa kwanza kupanda, la kwao likivuja wanatega ndoo. Mganga hajigangi, sawa, tumesikia. Na watoto wa mganga je?

Njia ilikuwa tupu. Vinamasi kushoto, vinamasi kulia, misonobari iliyodumaa, na baadaye hata hiyo ikaisha, vikabaki vichaka vya miti ya mibetula visivyofika kifuani. Mbu walipasuka kwenye kioo cha helmeti mpaka akawa anaona nusu nusu. Mara mbili alizuiwa na kulungu wa kufugwa waliosimama katikati ya lami wakitafuna, wala hawashtuki ukipiga honi. Pamoja na hayo alikuwa na muda. Alikula mkate wake wa shayiri hukohuko juu ya pikipiki, injini inanguruma, akijizoeza maneno ya kumwambia Outi. Mazuri yote aliyaona ya uongo.

Akavuka mpaka, na kwenye uwanda ule wa juu usio na nyumba akaiona: pikipiki mpya imeegeshwa kando ya njia, helmeti imewekwa chini, nyuma ya gurudumu.

Kwa waendesha pikipiki wa kwao, helmeti ikiwekwa chini nyuma ya pikipiki maana yake ni moja tu: mwenzenu nimepatikana, simameni. Hupiti. Huko gari linaweza lisipite mchana kutwa, na ukipita wewe, huenda umemzika mtu. Sirkka alipita. Akaenda hatua kadhaa, akajitukana, akageuza.

Mwenyewe hakuwapo. Sirkka aliita, kimya. Aliona nyasi zilizolala kuelekea mtoni. Akashuka bondeni na mabuti yake mazito, akatumbukia kwenye tope mpaka magotini, akapekua kingo za mto akitafuta mwili, huku akiita mpaka sauti ikamkauka. Muda ukawa unayoyoma, naye anaujua unavyoyoyoma.

Alimkuta nyuma ya mwamba, mwanamume wa Helsinki, huko kusini, amejifunika chandarua, vipokea sauti masikioni, anakoroma. Sirkka alimpiga teke la mguu. Jamaa akaamka akitabasamu.

"Umeumia wapi?" Sirkka aliuliza.

"Mimi? Sijaumia, mama. Napumzika tu."

"Na helmeti kwa nini umeiweka chini?"

"Kwenye kiti ilikuwa inaanguka." Kisha akamkaribisha kahawa.

Sirkka alimtukana matusi ya kinamasini, yale ambayo watu wa kusini hawayajui, akapanda kilima akihema. Waliosema tenda wema nenda zako hawakuwa na meli ya kuwahi.

Aliendesha kama mwendawazimu. Alipofika gatini, wafanyakazi walikuwa wanakunja kamba, na meli imeshaacha maji mengi kati yake na nchi kavu. Juu kwenye sitaha watu walikuwa wadogo, hakujua yupi ni yupi. Alipiga simu kwa vidole vyenye tope.

"Niko hapa," alisema. "Gatini."

"Nakuona," Outi alisema. "Leo ulikuwa kwa nani?"

Sirkka akaeleza yote, mpaka mto.

"Alikuwa ameumia?" Outi aliuliza.

"Alikuwa amelala."

"Sikulaumu, Mama. Ungempita ungeumwa roho mpaka kufa, nakujua. Siku yangu ya kumaliza shule alikuwa yule bibi aliyevunjika nyonga. Siku ya harusi alikuwa sijui nani, ulifika tunafuta meza. Mimi sikuwahi kuumia vya kutosha, basi."

Kwenye simu kikasikika kisauti cha mtoto kikiuliza kwa Kinorwe, na Kinorwe cha kiasi hicho Sirkka alikielewa: nani huyo? Akaibana simu sikioni kwa mikono yote miwili, akingoja jibu.

"Mtu mmoja wa Ufini," Outi alimjibu mtoto, na simu ikakatwa.