Bodi Tisa za Zaina

Siku niliyoanza kazi katika karakana ya redio pale Soni, Mkuu wa Karakana alinipa redio iliyokufa akaniambia, "Inuse kwanza." Nilidhani ananitania. "Kilichoungua kinanuka," akasema. "Kama hakinuki, usikizike." Mzee yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini alikuwa fundi. Wakubwa niliowapata baadaye walikuwa na vyeo tu.

Nilihamia kituo cha kupima mvua Lushoto nikiwa na mvi tayari. Huko kazi ilikuwa bodi: kipande kidogo kuliko kiganja, chenye chipu moja inayofanya kazi ya kompyuta nzima. Tulizifunga milimani juu ya Mlola zipime mvua, ili watu wa mabondeni waonywe kabla udongo haujawaporomokea. Kabla ya kufungwa, bodi huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Waya huo mmoja huilisha bodi umeme na kuipelekea programu, yaani maagizo ya kazi. Kwenye skrini hutokea poti, ndio mlango wa kuingilia. Poti isipotokea, huwezi kuiagiza bodi lolote.

Zaina, mwenzangu wa meza moja, mama wa watoto watatu kutoka Mlola, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Masika yakikaribia, alilehemu nyaya za betri kwenye bodi tisa. Mimi nilikuwa Mombo kuchukua nguzo. Niliporudi nikakuta kesi: taa za bodi zinawaka, lakini kompyuta haioni hata moja.

"Umeziunguza zote!" Mkuu wa Kituo alimfokea mbele yetu. "Mtu wa kulima viazi, nani alikupa kulehemu?"

"Nisamehe mkuu," Zaina alisema. "Labda nilizidisha moto."

Barua ya kumwachisha kazi iliandikwa siku hiyo hiyo, nami nikatia sahihi ya shahidi. Ndiyo, mimi! Wala sikunusa bodi hata moja.

Nilizinusa kesho yake, Zaina keshaondoka. Hazikunuka. Ndipo nikautazama waya uliochomekwa kwenye kompyuta: mweupe, mwembamba. Wa kituo ulikuwa mweusi, mnene. Nikauchana kwa wembe. Waya kamili wa USB una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za taarifa. Huu ulikuwa na mbili tu. Ulikuwa waya wa kuchajia simu: taa itawaka, lakini mazungumzo hakuna. Mweupe kama huo nilikuwa nimeuona kwenye gari la Mkuu wa Kituo; nikatoka hadi huko. Waya wetu mweusi ulikuwa humo, umechomekwa kwenye simu yake. Wake ulikuwa unachaji polepole, basi bwana mkubwa akabadilisha bila kumwambia mtu! Niliuchomoa, nikarudi nao kwenye kompyuta. Bodi zote tisa zikaonekana kwenye skrini, moja baada ya nyingine.

Nikampelekea habari.

"Barua imeshakwenda mkoani," alijibu. "Unataka niandike kwamba nilichukua waya? Wewe umebakiza miaka miwili. Staafu kwa amani."

Nikastaafu kwa amani, mpumbavu mimi. Waliniaga kwa saa ya ukutani. Mkuu wa Kituo alisifu uadilifu wangu, nami nikapiga makofi pamoja nao. Vijana, habari za nyaya mtazijua wenyewe, siku hizi zinafundishwa kila mahali. Mimi ninawaandikia kuhusu mdomo uliofungwa.

Mwezi uliopita nilipanda Mlola. Nilimkuta Zaina anapalilia kabichi.

"Shikamoo fundi," alisema. "Karibu. Umepotea mno."

Nikamwuliza kama bado anatengeneza vitu. Akacheka kidogo. Jirani alimletea taa ya sola juzi, naye Zaina akamrudishia bila kuifungua.

"Sishiki tena, fundi. Mkono wangu unaunguza."

Nikamweleza yote, pale pale shambani. Alisimama akiegemea jembe.

"Zote tisa zilikuwa nzima?"

"Zote."

"Na wewe ulijua lini?"

"Kesho yake. Ulipokwisha kuondoka."

Akainama kwenye kabichi zake. Nilimuaga mara mbili. Hakuitikia.