Kamanda na Mama Mkwe Waenda Ziwa la Juu

Kinyozi mmoja aliitwa Kamanda, na jina alijipa mwenyewe. Kila aliyekaa kwenye kiti chake alipewa, bila kuomba, habari za njia ya mlimani iendayo ziwa la juu: mawe yanavyoteleza, pumzi inavyokatika, na jinsi alivyowahi kumwokoa mtalii kwa kamba ya kuanikia nguo. Wateja hawakubisha. Nani atabisha na wembe uko shingoni?

Ukweli ni kwamba Kamanda hakuwahi kuvuka hata daraja lililo chini ya mlima. Mkewe alilijua hilo, akanyamaza ili nyumba ikalike. Mama mkwe hakulijua. Alikuja kumtembelea binti yake, akasikia sifa hizo, na asubuhi moja akatokea sebuleni amevaa raba, fimbo mkononi.

"Baba," akasema, "nataka kuliona hilo ziwa kabla magoti hayajanigomea. Nitaenda na nani kama si wewe?"

Mama mkwe hakataliwi. Kamanda akamwangalia mkewe amnusuru. Mkewe alikuwa anafunga chakula cha njiani, uso umemchangamka kupita kiasi.

Njia ilianza kwa upole, kisha ikasimama kama ukuta. Kabla msitu haujaisha Kamanda alikuwa anaketi kila kwenye kisiki, akidai anapima hali ya hewa. Kwenye kokoto alitambaa. Mama mkwe, aliyezoea ngazi za ghorofa isiyo na lifti, alipanda taratibu mpaka akamtangulia, kisha akamnyooshea ncha ya fimbo. Kamanda akaishika, akavutwa. Chakula alikuwa ameshakitupa, apunguze mzigo.

Ziwani walikuta ukungu mtupu. Yalionekana maji ya kutosha kunawa uso tu. Mama mkwe akanawa, akaridhika. Kamanda akatokwa na machozi, akasingizia baridi.

Kesho yake alifungua kibanda akiingoja aibu. Mama mkwe akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja, wote wakamgeukia.

"Mkwe wangu ni mwanamume," akawaambia. "Pale pabaya alinibeba mgongoni. Na lile ziwa, jamani, ni buluu mpaka macho yanauma."

Kamanda akainamia kichwa alichokuwa akinyoa. Uongo aliujua, lakini huu ulikuwa wa fundi. Tangu siku hiyo yeye ananyoa tu. Kusimulia amemwachia mama mkwe, ambaye hana haraka ya kurudi kwake na juzi ameongeza chui. Wateja wamejaa, hata wenye upara.