Tawi Bichi kwenye Njia ya Urambo

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, nilipokuta njia imefungwa nami nikaifungua kwa mikono yangu mwenyewe. Nakuita mwanangu, ingawa nywele zangu bado nyeusi na wazee wa Tabora wangenicheka wakinisikia. Lakini aliyesababisha kaburi anayo haki ya kuonya, hata kama ni kijana.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Nilifundishwa kuhoji, na nilihoji kweli. Nikiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilijibu kwamba wakuu waliitunga methali hiyo ili wadogo wanyamaze. Hata leo sijaacha kuamini hivyo, mwanangu. Sitakudanganya kwamba niligeuka mtu mwingine.

Dada yangu Vero alikuwa ameolewa kijijini, ndani kidogo kutoka Usoke, kwa watu wa tumbaku. Nilikwenda kumsalimu kwa gari dogo la kuazima, na asubuhi ya pili uchungu ukamshika. Muuguzi wa zahanati alimpima, akatoka nje akinifuata. Mtoto amekaa vibaya, alisema, mpeleke hospitali ya Urambo sasa hivi, usingoje.

Tukaondoka watu watatu: mimi, Vero, na shangazi yetu Agnesi aliyekaa naye nyuma akimshika mgongo. Njia ambayo kila mtu huipita inarudi kwanza Usoke stesheni, kisha inashika lami. Simu yangu ilionyesha nyingine, mstari wa buluu ukikata moja kwa moja katikati ya mbuga, ukiokoa dakika arobaini. Nikaufuata. Dakika arobaini, kwa hali ile, nani angeziacha?

Tulipita nyumba moja ya tope ambako mzee alikuwa amekaa mlangoni akichonga mpini wa jembe. Aliinua mkono. Nilidhani ananisalimu, nikapiga honi. Hatua chache mbele, tawi bichi lenye majani lilikuwa limelazwa katikati ya njia.

Kwetu, njia ikiharibika, anayeiona kwanza hukata tawi na kulilaza juu yake. Husemwa kwamba desturi hiyo ni ya tangu enzi za misafara ya pembe, wakati kirangozi aliyewatangulia wapagazi alipofunga kila njia mbaya ili walio nyuma wasipotee. Sijui kama ni kweli. Wazee wetu hupenda kuirudishia misafara kila kitu. Ila maana ya tawi niliijua. Nililelewa hapa.

"Baba, hapo pamefungwa," shangazi alisema.

"Pamefungwa na nani? Labda limeanguka."

"Limeanguka kutoka mti upi?"

Nilitazama. Hapakuwa na mti karibu. "Shangazi, hii ramani inaona kutoka angani."

"Huko angani inaona tope?"

Vero akacheka, jasho likimtiririka. "Mwache msomi wetu. Tukikwama atasukuma kwa shahada yake."

Nikashuka, nikalitupa tawi kando, nikaendesha.

Mbuga, mwanangu, ni udongo mweusi. Kiangazi huwa mgumu kama sakafu, na bila shaka waliopita na simu zao wakaifundisha ramani kwamba pale pana njia walipita kiangazi. Simu haikusema uongo. Ilisema jambo la mwezi mwingine. Magurudumu ya mbele yalizama kabla sijabadilisha gia, na kila nilivyokanyaga mafuta ndivyo tulivyozidi kukaa. Nilichimba kwa mikono. Nilitandika shuka la Vero chini ya tairi, nalo likazama. Nyuma yangu Vero alikuwa ameacha kutania, na baadaye akaacha hata kulia.

Mzee wa mlangoni alikuwa amesikia injini ikinguruma mahali pamoja. Alifika na maksai wanne na mnyororo. Kuwakusanya kutoka malishoni kulimchukua muda.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Tawi langu umelitupa wapi?"

Alifunga mnyororo bila haraka na bila kupoteza hata dakika moja, kama mtu aliyewahi kuvuta wengine. Gari lilipotoka alichungulia ndani, akamwona Vero, akavua kofia.

"Ulipita mlangoni kwangu," aliniambia polepole. "Nilikuwa nimekaa tu. Ungeniuliza."

Afadhali angenitukana.

Tulirudi kwa njia ya watu wote. Urambo tulifika alasiri. Vero walimwokoa. Mtoto, wa kiume, hakulia. Akina mama walimzika kesho yake asubuhi, nami nilisimama mbali kwa sababu hakuna aliyeniita karibu. Daktari alisema huenda angekufa hata tungewahi. Neno hilo nimelihoji miaka yote hii na bado halinitoshi. Vero hajanilaumu hata siku moja. Hunikaribisha chakula, huniuliza habari za kazi. Ila nikimwambia nimpeleke mahali, husema atapanda basi.

Basi sikiliza. Sikukatazi simu, hata mimi naitumia kila siku nikiwa barabarani. Ninachokulaumu mapema, kabla hujakosea, ni kile nilichokifanya mimi: kumhoji kila mwenye mvi, kisha kukiamini kioo cha simu bila swali hata moja. Ukijiita mtu wa kuuliza, uliza pande zote. Kiulize kioo kilijuaje, na lini. Kabla ya kuingia njia usiyoijua, zima injini, shuka, salimia, muulize aliyepita hapo leo. Akikuambia usipite, muulize kwa nini, usubiri jibu. Kuuliza si ujinga, na dakika tano za salamu hazijawahi kumchelewesha mgonjwa kama saa tatu za tope. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Mimi ninayajua hayo maji.

Mungu akupe moyo wa kusimama mlangoni kwa mtu usiyemjua. Akutangulie katika kila njia, na wale utakaowabeba awafikishe wote, idadi ile ile uliyoondoka nayo.