Binti yangu alipeleka kibunda cha "miraa" nasari, na hicho ndicho kilichomtuliza

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Ishiara, huku jua linakokaanga mtu pamoja na viatu vyake. Haya ninayoandika yametokea kwangu nyumbani. Mama mkwe yumo humu jukwaani, kwa hiyo nikitia chumvi ataninyoosha mbele yenu.

Mimi ni wa Muthara, kule Tigania kwenye mashamba ya miraa, nikaolewa huku chini Mbeere. Nauza ndengu sokoni.

Nina binti mmoja, Wanja, wa miaka minne. Sauti yake inaita mbuzi ng'ambo ya mto na mbuzi wanakuja.

Sasa huyu mtoto akikasirika, jamani! Analala chini, anapiga miguu, anapiga nduru mpaka majirani wanatoka na mwiko mkononi. Na wala hahitaji sababu kubwa. Ukimmenyea ndizi aliyotaka kuimenya mwenyewe, umeharibu siku.

Nyumbani tulivumilia. Balaa lilianza alipoingia nasari, maana akilia yeye, darasa zima linaitikia.

Mwalimu wake, Madam Muthoni, ni mama mpole sana. Siku moja akaniita kando.

"Mama Wanja, huyu mtoto nampenda, lakini hii nduru imenishinda. Tujaribu mpaka tufunge shule. Kama hatulii, kaa na yeye kwa nyumba kwanza, akomae."

Nasari ya karibu ni hiyo moja tu. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba Wanja anapenda shule kupita kiasi. Analala na sweta ya yunifomu. Ukimvua, ndiyo hiyo nduru tena.

Basi nikaingia kwa simu kutafuta vitu vya kutengeneza nyumbani vya kutuliza watoto. Hapo sarakasi ikaanza.

Cha kwanza ilikuwa chupa ya maji, gundi na vile vichengachenga vya kumetameta. Eti mtoto anaitikisa, anatazama vikishuka polepole, moyo unatulia. Wanja alitazama kidogo, akafungua kifuniko, akammwagia mbuzi wa mama mkwe.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Huyu mbuzi anaolewa wapi?"

Mbuzi alimetameta wiki nzima. Watu walikuwa wanakuja kumwangalia.

Cha pili, stress ball, ule mpira wa kufinya hasira ikipanda. Nikajaza ndengu kwenye soksi, nikashona mdomo. Wakuu, hiyo ilifanya kazi! Alikuwa anaifinya, anatulia, nami natembea kifua mbele kama nimevumbua dawa.

Kumbe alikuwa anaoga nayo. Asubuhi moja naamka, naona soksi imeota. Ndengu zimetoa vijimkia kila upande. Wanja alifurahi ajabu, akadai mpira umezaa. Mama mkwe alipoitupa kwa kuku, kijiji kizima kilijua.

Nilikuwa nimekata tamaa wakati kaka yangu Mwenda alipotutembelea kutoka Muthara. Mwenda kazi yake ni kufunga miraa, na alifika na kibunda chake mwenyewe, kimefungwa kwa jani la mgomba.

Alipokifungua, Wanja akaokota lile jani na kamba ya mgomba. Akatulia tuli, anavigeuzageuza.

Mimi nimekulia kwenye kazi hiyo. Pale kwetu, mtoto akisumbua watu wakifunga, anapewa majani makavu na vijiti vya kuchezea, anasahau kulia. Nilikuwa nimezunguka dunia nzima kwa simu, na dawa iko kwetu! Nilicheka peke yangu.

Miraa yenyewe sikumpa, msinirukie. Nilikata vijiti vya mwarobaini, vichungu, hata akitaka kutafuna atajifunza mara moja. Nikamwonyesha: panga vichwa pamoja, gonga chini visawazike, kunja jani, zungusha kamba, vuta kwa meno.

Tangu hapo, hasira ikianza kupanda, anakimbilia vijiti vyake. Akivuta ile kamba ya mwisho anashusha pumzi ndefu kabisa, halafu anaomba chakula.

Nilichosahau ni kumwambia asipeleke shule.

Nikiwa sokoni simu ikalia. Madam Muthoni. "Mama Wanja, kuja shule saa hii. Mtoto amekuja na miraa."

Nilimwachia jirani ndengu nikakimbia. Ofisini nikakuta kibunda mezani, kimefungwa safi kuliko cha mjomba wake. Hedimasta amekunja mikono.

"Mama, sisi tunajua wewe ni mtu wa Tigania. Lakini hata nasari?"

"Mwalimu, hiyo ni mwarobaini!"

Hakuna aliyeamini. Mfungo ulikuwa mzuri mno. Soja wa geti akajitokeza. "Mimi ni mtu wa muguka, yale majani ya kutafuna ya huku kwetu, lakini miraa naijua. Leta hapa."

Akafungua, akachagua kijiti, akakimenya kwa meno kama fundi, akatafuna.

Wakuu, ile sura! Jicho moja lilifumba, lingine likatoa machozi. Alitoka mbio hadi kwa bomba. Hedimasta alianza kukohoa akitazama ukuta, Madam Muthoni akafunika uso kwa leso.

Kicheko kilinikaukia nilipomwona Wanja mlangoni. Alikuwa anatazama kibunda chake kilichofumuliwa, mdomo unatetemeka. Sote tukangoja nduru. Nikawaza, leo ndiyo siku ya kumvua ile sweta.

Akaenda mezani. Akakusanya vijiti, akakaa kwenye sakafu. Akapanga, akagonga, akakunja, akazungusha, akavuta kwa meno. Akashusha pumzi.

Madam Muthoni akaniuliza polepole, "Majani ya mgomba unaweza kuniletea?"

Nikampelekea mzigo.

Wiki ya kufunga shule akanipigia tena. "Kuja usikie."

Nikasimama naye chini ya dirisha la darasa. "Madam, sisikii kitu."

"Si ndiyo hiyo!"

Nikachungulia. Darasa zima limeinamisha vichwa, linafunga vibunda, na Wanja anazunguka akiwakagulia kamba. Nililia, wakuu, nikicheka.

Madam akanigusa bega. "Muhula ujao mnunulie sweta kubwa. Hii imembana."

Nilichojifunza: mikono ya mtoto ikipata kazi, mdomo unapumzika. Na kabla hujahangaika na vya mbali, kumbuka nyinyi wenyewe mlinyamazishwa na nini.

Kwenu ilikuwa nini? Kusuka kamba, kufinyanga udongo, kupanga magunzi? Shusheni hapa, wazazi tuokoane.

Soja bado hanisalimii. Wanja alimfungia kibunda cha kumwomba msamaha, akakataa hata kukigusa.